Mdogo wangu amepofuka akiwa na miaka 22. Yule Mwenyeheri wa Poland alianzaje?

Mama Neema (Morogoro)

Habarini wana jukwaa. Naomba mnisome hadi mwisho, naandika na moyo mzito.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Alikuwa fundi magari, gereji ya jirani tu hapa. Mwaka jana mwezi wa tatu alianza kuona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Tulipokuja kushtuka, mwezi wa tisa, ilikuwa giza. Presha ya macho. Wametuambia mshipa umeshakufa na hauna dawa, lakini sisi hatukukubali. Tumezunguka hospitali nyingine mbili, maombi ya mkesha, hadi kwa mzee mmoja wa mitishamba. Pikipiki imeuzwa. Yeye amekaa chumbani, mlango umefungwa. Mama anamlisha kwa kijiko. Ana mikono miwili mizima na mama anamlisha kwa kijiko.

Jumapili padri alimtaja mama mmoja wa Poland, wa ukoo mkubwa, Róża Czacka, aliyepofuka naye akiwa na miaka 22, akaja kuanzisha makazi na shule za wasioona. Akasema hivyo akaingia kwenye matangazo. Mimi nikabaki pale pale kwenye lile neno, miaka 22.

Kwa anayemfahamu: alifanya nini wiki ya kwanza? Mwaka wa kwanza je? Nani alimfundisha? Habari za utakatifu wake nitazisikia kanisani, mimi nataka kujua alivyotoka chumbani.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Mama Neema, pole sana mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu nina miaka 67. Nimefundisha nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, miaka 31, na mwenyewe sioni tangu nikiwa na miaka 19. Naandika kwa simu inayonisomea kila herufi ninayoigusa, herufi ikiruka mtanisamehe.

Huyu mama namfahamu. Mwaka 2021 Kanisa Katoliki lilipomtangaza Mwenyeheri, yaani hatua kabla ya kuitwa Mtakatifu, binti yangu alinisomea habari zake jioni moja tukiwa barazani. Nilimwambia arudie tena, kisha tukatafuta zaidi kwa miezi.

Umeuliza wiki ya kwanza, nianze hapo.

Róża alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1876 huko Biała Cerkiew, mji ambao leo uko Ukraine. Baba yake alikuwa Czacki, mama yake wa ukoo wa Ledóchowski, majina mawili ambayo kwa Wapolandi yana uzito. Alikua na farasi, lugha za kigeni, kinanda. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni. Mwaka 1898 alianguka kutoka kwenye farasi, retina, utando wa nyuma ya jicho, ikabanduka, na kuona kukaisha kabisa. Familia ikafanya kama mlivyofanya ninyi. Wakamzungusha kwa mabingwa. Wenye fedha wanazunguka mbali zaidi, hiyo ndiyo tofauti.

Kisha akaonana na daktari mmoja wa macho wa Warsaw, Bolesław Gepner. Huyu hakumpa tarehe ya kurudi. Alimwambia hakuna kitakachosaidia, asikubali kuendelea kuzungushwa, na kwamba katika nchi ile wasioona hawana mtu wa kuwashughulikia: hiyo ni kazi inayomsubiri.

Wanasimulia kwamba Róża alijifungia siku tatu peke yake. Alipotoka, alikuwa ametulia na ameanza kufikiria nukta.

Mwanangu, hapo ndipo nilipomwambia binti yangu anyamaze kidogo. Mimi nilipokuwa kijana kuna daktari aliyenihudumia miaka minne. Kila nikienda ananimulika tochi, anaandika kwenye kadi, ananiambia "rudi mwezi ujao, tutaona". Alikuwa mtu mpole sana na aliogopa kunikata moyo. Miaka minne nilikuwa nasubiri mwezi ujao. Sikushika fimbo, sikujifunza herufi hata moja, niliacha hata kuchota maji kwa sababu mtu anayesubiri kupona hajifunzi kuwa kipofu. Aliyekuja kuniambia ukweli ni muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Aliniambia kwa sentensi moja, akaniwekea mkono begani. Nililia mpaka asubuhi. Wiki ile ile nikamwambia kaka yangu anipeleke kwenye shule.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Róża ilikuwa ni hiyo, mtu mmoja alimwambia ukweli na wenzake wakamwacha aulilie. Ninyi ukweli mmeshaambiwa. Uliobaki ni kumwambia yeye, kwa sababu nahisi mnaongea sebuleni na yeye anasikia ukutani. Kliniki msiache, kama kuna maumivu au presha haijashuka, matone aendelee nayo. Ila msiende tena kutafuta kuona.

Sasa mwaka wa kwanza, na miaka iliyofuata, maana hapa watu huwa wanaruka. Tunapenda kusikia alipofuka na kesho yake akajenga shule. Hapana. Alitumia kama miaka kumi kujifunza. Alijifunza nukta nundu, yaani mfumo wa Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto mdogo na kutoa kitabu chake mwaka 1829. Alijifunza kutembea, kujitegemea na kufanya kazi ya mikono. Alisafiri Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya magharibi kuona wenzake waliotangulia wanavyofanya: shule ziko namna gani, maktaba zinaendeshwaje, mtu mzima aliyepofuka jana anaanzia wapi. Mfaransa Maurice de la Sizeranne, naye kipofu, ndiye aliyemvutia kuliko wote, kwa sababu alikuwa kipofu anayepanga kazi za vipofu na hakungoja kupangiwa.

Wakati huo Warsaw iko chini ya mfalme wa Urusi, Poland haimo kwenye ramani. Róża akaanza kuwatafuta wasioona mmoja mmoja, hospitalini, kwenye vyumba vya chini vya nyumba za maskini, milangoni pa makanisa. Mwaka 1910 akawakusanya wasichana wachache kwenye nyumba, na 1911 serikali ikaidhinisha katiba ya chama chake, ambacho jina lake ukilileta kwetu ni Chama cha Kuwatunza Waliopofuka. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na darasa, karakana ya vikapu na brashi, makao ya bibi wazee wasioona, na maktaba ya kuazima. Vitabu vile hakuna aliyevipiga chapa kiwandani. Watu wanaoona walijitolea kukaa na kibao na kijisindano cha kutobolea, wanatoboa ukurasa kwa ukurasa kwa mkono, na karatasi za nukta zilivyo nene, kitabu cha mfukoni kinakuwa mzigo.

Mimi kama mwalimu kinachonishika zaidi ni herufi. Kiswahili chetu ni chepesi, herufi zake zote zimo tayari kwenye nukta za Mfaransa. Kipolandi kina herufi tisa zenye mikia na vistari ambazo Mfaransa hanazo. Iko A ya kawaida, na iko A yenye mkia, ą, inayotamkwa puani. Kubuni alama hovyo ni kumpotosha mtoto. Róża na wenzake walikaa na hilo kwa miaka. Kila herufi ina nafasi sita: 1, 2, 3 kushuka chini kushoto, 4, 5, 6 kushuka chini kulia. A ni nukta ya 1 peke yake. Ą ikawa nukta ya 1 na ya 6. C ni 1 na 4. Ć ikawa 1, 4 na 6. Mtoto akishika nukta ya 6 imeongezeka pale chini kulia, kidole kinajua kuna kitu kwenye hiyo herufi. Si zote zilizotii kanuni hiyo, kwa sababu L ukiiongezea ya 6 unapata V, ikabidi ł itafutiwe mahali pengine. Alikuwa naye Teresa Landy, mwanamke msomi aliyetoka familia ya Kiyahudi na kuwa sista katika shirika lake, na pamoja walishughulikia pia vifupisho. Mwaka 1934 wizara ya elimu ya Poland ikaupitisha mfumo huo kwa shule zote. Mtoto wa Kipolandi asiyeona anayesoma leo anasoma nukta zilizopangwa na mtu aliyezihitaji mwenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Vita ya kwanza ilimkuta Zhytomyr, akakwama huko miaka mitatu. Akarudi Warsaw 1918 akiwa mtawa, Sista Elżbieta, na mwaka huo huo akaanzisha shirika la Masista Wafransisko Watumishi wa Msalaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtu mmoja alitoa kiwanja Laski, nje kidogo ya Warsaw kando ya msitu wa Kampinos, kwenye mchanga na misonobari, na kazi yote ikahamia huko polepole: shule, karakana, mabweni. Kanisa lao dogo limejengwa kwa magogo ya msonobari ambayo hayajabanduliwa magome. Binti yangu aliniambia kwenye picha linaonekana la kimaskini. Nikamwambia mpiga picha hajaligusa. Mtoto asiyeona akiingia kanisa la plasta anaingia kwenye ukuta tu. Akiingia pale anashika mti.

Septemba 1939 Wajerumani wakiishambulia Warsaw kwa mabomu, alijeruhiwa, wakalazimika kumtoa jicho moja. Laski nayo ikavunjwavunjwa. Wakajenga upya. Mwaka 1944 Warsaw ilipoasi, nyumba ya vipofu ikawa hospitali ya wapiganaji, na padri wao pale alikuwa Stefan Wyszyński, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Poland na kuwekwa kizuizini na serikali ya kikomunisti. Hawa wawili wametangazwa Wenyeheri siku moja, tarehe 12 Septemba 2021. Mama Czacka alifariki Laski tarehe 15 Mei 1961.

Mdogo wako ni fundi. Niambie, mikono yake ikoje?

Kijana wa Buza

Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote na nimejifunza. Lakini tuseme ukweli, huyu alikuwa binti wa kabaila. Alikuwa na wa kumsomea, nauli ya treni hadi Paris, na miaka kumi ya kujifunza bila kuulizwa kodi ya nyumba. Mdogo wake Mama Neema hana hata nauli ya Msamvu. Naona si haki kumlinganisha.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Marahaba kijana wangu. Umesema kweli na sitabishana nawe. Miaka kumi ya kujifunza bila njaa ni mali kubwa, wengi wetu hatukuipata.

Ila nikuonyeshe kitu kimoja. Fedha kwa vipofu ilikuwepo siku zote. Matajiri walikuwa wakiwatupia vipofu sarafu mlangoni pa kanisa miaka na miaka, hapa kwetu pia. Nilipokuwa kijana nilikaa mlangoni pa soko miezi miwili. Nakumbuka mlio wa sarafu kwenye kopo, na nakumbuka kwamba katika miezi miwili hakuna aliyeniuliza jina langu. Mama Czacka angeweza kutoa sarafu nyingi kuliko wote na kurudi kwake kunywa chai. Yeye alishikilia kwamba asiyeona ana deni la kufanya kazi kama wengine, na ana haki ya kudaiwa. Kikapu alichosuka kiuzwe kwa sababu kimesukwa vizuri. Kwa watu wa tabaka lake neno hilo lilikuwa geni, maana hisani waliyoizoea ilihitaji kipofu abaki chini ili wao wainame.

Na mali yake haikubaki. Alikuwa mtawa mwenye nadhiri ya ufukara, Laski imejengwa kwa sadaka za watu.

Ukweli wa daktari Gepner, huo hauna bei. Hata nukta sita ni za bure. Nitaeleza chini akinijibu kuhusu mikono.

Msafiri wa Huye

Habari zenu kutoka Rwanda. Mimi Kiswahili changu ni cha barabarani, mnivumilie. Naendesha gari la mizigo kusini, Huye hadi Nyaruguru.

Nimeandika kwa sababu nimeona jina la masista hao. Wako hapa. Kibeho, pale watu wanapokwenda kuhiji kwa Bikira Maria, kuna shule ya watoto wasioona na masista wa shirika hilo la Czacka ndio wanaoiendesha. Sikujua historia yake kabisa, nilidhani ni masista wazungu tu kama wengine.

Niliwapelekea maharage mara moja. Nilishusha magunia, nikasikia mlio kutoka darasani, ta-ta-ta-ta, kama mvua ya mawe madogo kwenye bati. Nikauliza ni nini. Sista akasema ni mashine za kuandikia, wanafanya mtihani. Mtoto wa kike, labda miaka tisa, akatoka na karatasi amekumbatia kifuani, akapita karibu yangu, akasimama. Akaniambia kwa Kinyarwanda: "wewe umebeba maharage, unanuka vumbi la gunia." Akacheka akaenda zake, anatembea haraka kuliko mimi. Nilikuwa na huruma nimeitayarisha tangu getini, sikupata mahali pa kuiweka.

Mama Neema, nakuombea.

Mama Neema (Morogoro)

Mwalimu shikamoo. Nimesoma hayo yote kwa sauti nikiwa nimekaa kwenye korido, nje ya mlango wake. Sikumwambia kwamba namsomea. Nilipofika pale kwa yule muuguzi wa usiku, kitanda kikalia, akawa amekaa.

Mikono yake ni migumu, ina sugu. Miaka minne ya spana. Lakini alikuwa anafungua nati chini ya gari bila kuangalia, anasema hii namba 10, hii namba 12, kwa kidole tu.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Marahaba mwanangu. Basi amekuja shuleni akiwa ameshasoma nusu. Mtu anayetofautisha nati ya 10 na ya 12 gizani chini ya injini, kidole chake kinajua kuuliza. Sugu zitamchelewesha kidogo kwenye karatasi, kwa sababu ngozi nene haisikii nukta ndogo. Aloweke vidole maji ya vuguvugu jioni, apake mafuta, na ajaribu kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Fundi wengi mkono huo una sugu chache.

Karatasi isubiri. Chukua trei ya mayai, kata vishimo sita: vitatu kushuka chini kushoto, vitatu kushuka chini kulia. Kushoto ni 1, 2, 3. Kulia ni 4, 5, 6. Nunua ndimu ndogo sita. Ndimu moja kwenye 1, hiyo ni A. Kwenye 1 na 2 ni B. 1 na 4 ni C. Mwachie mwenyewe aziweke. Usimshike mkono, mwambie namba tu, kama alivyokuwa akimwambia msaidizi wake gereji lete 10, lete 12.

Nimefundisha watu wazima wengi kwa trei hiyo hiyo, na zaidi ya nusu walianza wakiwa na hasira. Aanze nayo hiyo hasira. Na mama apewe kazi nyingine saa ya chakula. Sahani iwekwe mezani, ugali upande wa kushoto, mboga kulia, aambiwe hivyo, basi. Atamwaga. Kitambaa kipo.

Wakati huo nenda ofisi ya elimu ya wilaya, ukaulize kitengo cha elimu maalumu. Waulize kuhusu mtu mzima aliyepofuka ukubwani, usiridhike wakikuambia shule ni za watoto.

Mama Neema (Morogoro)

Wiki mbili zimepita. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Siku ya kwanza aliitupa trei. Ndimu mbili zikaingia chini ya kitanda na hakuna aliyezifuata. Siku ya tatu asubuhi nikaikuta trei imerudi kitandani, ndimu zote sita zimo. Alikuwa amezitafuta usiku mwenyewe kwa kupapasa sakafu.

Anazijua mpaka I. Anakula mwenyewe. Mama alilia siku ya kwanza akiangalia, nikamtoa nje. Ofisi ya elimu wamenipa jina la mwalimu mmoja, Jumatatu tunaenda. Nimepata pia kibao cha kuazima na kijisindano chake. Kijana wa Buza asante kwa nauli uliyotutumia, Mungu akuongezee.

Sasa tumekwama. Jina lake linaanza na J. Kwenye trei anaweka vizuri, 2, 4, 5. Akitoboa kwenye kibao halafu akigeuza karatasi kusoma, anasema inakuja H. Ametoboa mara nane, karatasi imechakaa, ananiambia kibao kibovu. Mwalimu, ni kibao au ni yeye?

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Si yeye wala kibao. Kwenye kibao unatoboa kwa nyuma ya karatasi, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza: upande wa 1, 2, 3 unakuwa kulia, wa 4, 5, 6 unakuwa kushoto. J na H ni herufi moja iliyogeuzwa, 2, 4, 5 na 1, 2, 5. Mwambie ni kama kufunga nati ukiwa umelala chini ya gari. Atakuelewa kabla hujamaliza.

Ile karatasi ya mara nane msiitupe. Amenitobolea H nane safi.